Moto wa Juu, Moto wa Chini

Katika nyumba nyingi za mjini Unguja ambazo mambo yao si mabaya, jikoni pamesimama jiko la gesi la pleti nne, na chini ya pleti pana mlango wa kioo. Ufungue. Ndani mna masufuria yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, mafuniko yaliyopoteza masufuria yao, sinia la shughuli, pengine na mfuko wa vitunguu. Oveni imekuwa kabati. Sasa tazama mezani, kando ya birika la umeme. Hapo pana kisanduku cha bati chenye kioo mbele na vitufe vitatu vya kuzungusha, na nyuma yake kimeandikwa wati 1,500. Humo ndimo vinamopita vyote vinavyotaka kuokwa katika nyumba ile: keki ya mtoto, biskuti za Idi, kuku, samaki wa kupaka, mkate wa kumimina.

Wengi huchukulia kwamba kisanduku hiki ni cha muda, kinashika zamu mpaka oveni ya kweli ipatikane. Lakini oveni ya kweli ipo, hatua mbili kutoka mezani, imejaa masufuria. Iliachwa kwa sababu. Oveni nyingi za majiko haya zina moto mmoja tu wa kutegemewa, nao umejificha chini ya sakafu ya bati. Mtungi wa gesi unalazimika kupasha nafasi ya lita hamsini au sitini kwa ajili ya keki moja ya mayai sita. Kitufe hakisemi nyuzijoto, kinasema moja mpaka nane. Keki ikitolewa, kitako kimeungua na uso bado mweupe. Mpishi wa Kizanzibari hakuhitaji kuelezwa kilichokosekana hapo. Moto wa juu haupo.

Nyumbani kwetu hatukuwa na oveni, na keki tulikula. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa karibu kila nyumba ya mtaani. Chombo kilikuwa sufuria nene, seredani la makaa, na mfuniko bapa wenye ukingo kidogo, au sahani kuukuu ya bati iliyokwisha kukataliwa mezani. Makaa machache yalibaki chini, mengi yakapandishwa juu ya mfuniko kwa koleo, ndiyo kupalia. Anayeona kwa mara ya kwanza hushangaa kwamba moto wa juu ndio mwingi. Hesabu yake ni nyepesi: chini, unga umegusana na bati, na bati linapitisha joto bila ya kuomba ruhusa, juu, joto lina nafasi ya hewa ya kuvuka kabla halijaufikia uso wa keki. Ukigawa makaa sawa kwa sawa, utakula mkaa upande mmoja na unga mbichi upande wa pili. Hakuna aliyetufundisha haya kwa jina la fizikia. Yalifundishwa kwa kuambiwa, "Punguza hayo ya chini, unanuka huo!"

Nilipomwonyesha shangazi yangu oveni ya mezani alikizunguka kile kisanduku, akainama kutazama kwenye kioo, akauliza, "Mwanangu, lina moto wa juu hilo?"

"Linao, shangazi. Na wa chini pia, na unaweza kuuwasha mmoja ukauzima mwengine."

"Basi ni sufuria tu hiyo. Mmeitia mlango."

Sijasoma maelezo ya oveni hii yaliyo sahihi kuliko hayo. Vitabu vya mapishi vya Magharibi huitazama kama oveni kubwa iliyopunguzwa, na ndiyo maana ushauri wao wote ni wa kupunguza: punguza nyuzijoto, punguza dakika, punguza ukubwa wa trei. Mtu aliyetokea kwenye seredani anaifikia kutoka upande wa pili. Kwake ni sufuria iliyopanuka, yenye makaa ambayo hayafifii wala hayamwagi majivu, na ambayo yanazimwa kwa kidole. Hana anachokipunguza.

Mkate wa kumimina ndio unaoonyesha jambo hili vizuri. Mchele hulowekwa usiku, asubuhi ukasagwa kwa tui zito pamoja na iliki, hamira na sukari, ukaachwa uumuke, na ute wa yai ukatiwa. Sufuria hupakwa mafuta na kupashwa moto kwanza, ili unga ukimiminwa utoe sauti. Chini hushika papo hapo. Matundu huanza kufumuka kutoka ukingoni kuelekea katikati, na hapo ndipo macho yanapotakiwa, kwa sababu mkate huu unataka mioto miwili isiyopatana. Mwanzo unataka moto mkali wa chini ili matundu yapande; baadaye unataka moto wa juu wa kuukausha na kuutia rangi. Ukiupalia mapema, uso unaziba na matundu yanafia ndani. Ukichelewa, kitako kinaungua huku juu kunateleza.

Utie mkate huo katikati ya oveni kubwa, katika hewa ya moto iliyotulia pande zote, utapata kitu kinachokaribia keki ya mchele. Kitalika. Lakini mkate wa kumimina hauumbwi na moto uliotulia. Wapishi wa mjini sasa huuanzia kwenye pleti ya gesi, na matundu yakishatokea huuhamishia mezani, chini ya koili ya juu peke yake. Ni kazi ileile ya koleo na makaa. Muscat, ambako familia nyingi zilizotoka Unguja na Pemba bado hazifuturu bila ya mkate huu, nimesikia akina mama wakijadiliana ni lini hasa uhamishwe, nao wana majiko ambayo mlango wa oveni unafunguka kwa kuguswa.

Marekani, oveni ya mezani ilizaliwa katika nyumba ambazo tayari zilikuwa na oveni kubwa. Kampuni ya General Electric ilitoa Toast-R-Oven yake mwaka 1956, na jina lenyewe linaonyesha cheo ilichopewa: tosta iliyotiwa tamaa ya kuwa oveni. Kazi yake ilikuwa mkate wa asubuhi na kiporo cha jioni. Bata mzinga wa sikukuu alibaki na oveni iliyojengewa ukutani. Wizara ya Nishati ya nchi hiyo huwaambia wananchi kwamba kisanduku hiki hutumia theluthi hadi nusu ya nishati ya oveni kubwa, na bado wengi hukiona kuwa ni cha mwanafunzi au cha mtu anayekaa peke yake. Kwa ufupi, kwao ni oveni ya pili. Kwetu, katika nyumba nyingi, ndiyo ya kwanza kufanya kazi kwa kweli, na kitu cha kwanza hakilinganishwi na kaka yake.

Lakini nao Wamarekani walipita njia ya makaa. Wahamiaji wa karne ya 18 na 19 walisafiri na sufuria nzito ya chuma yenye miguu mitatu na mfuniko wenye ukingo ulioinuka, na ukingo ule haukuwa pambo: ulizuia makaa yasiporomoke. Walioka mikate yao porini kwa moto wa juu na wa chini. Na mwaka 1963 kampuni ya vitu vya kuchezea ya Kenner ilitoa oveni ya watoto, Easy-Bake, iliyooka vikeki kwa joto la balbu mbili za wati 100. Napenda kuikumbuka oveni hiyo kila mtu anaponiambia kwamba kisanduku cha mezani ni mchezo. Mchezo wenyewe uliiva kwa taa.

Sasa mambo ya moto wenyewe, maana hapo ndipo watu wanapogombana na oveni zao. Katika oveni kubwa koili ziko mbali na chakula, na kinachopika zaidi ni hewa na kuta zilizokwisha kupata moto. Katika oveni ya mezani koili inaweza kuwa vidole vitatu juu ya keki, inang'ara wekundu, na mng'ao huo unaunguza moja kwa moja kabla hewa haijapata moto wa maana. Uso wa mkate huanza kushika rangi nzuri ya kahawia kuanzia kiasi cha nyuzi 140 za Selsiasi. Moyo wa mkate hauvuki 100 maadamu una majimaji. Kwa hiyo kuna mbio mbili ndani ya trei moja, na katika kisanduku kidogo uso hutangulia mbali mno. Ndiyo sababu keki hutoka nyeusi juu na uji katikati, na mwenyewe akasema oveni mbovu.

Dawa yake inajulikana na kila aliyewahi kupalia. Uso ukishapata rangi, upunguzie moto wa juu. Kwenye seredani uliondoa makaa. Mezani unazima koili ya juu, au unatandaza karatasi ya foili juu ya keki, isiiguse koili. Trei iteremshe daraja la chini. Igeuze katikati ya safari, kwa sababu upande wa nyuma karibu kila mara una moto zaidi kuliko upande wa mlango wa kioo. Bati lisijaze nafasi yote mpaka kuta, hewa ipate njia. Na kitufe cha nyuzijoto usikiamini kama mshale wa kibla. Ndani yake kuna bati dogo linalojikunja kwa joto, linakata umeme, likipoa linaurudisha. Ndani ya kisanduku chenye hewa kidogo, huko kukata na kurudisha hupandisha na kushusha moto kwa nyuzi nyingi. Ukiandikiwa 180, jua kwamba ni wastani wa mabishano.

Haya yanaweza kusikika kama malalamiko, lakini ndiyo sababu yangu ya kuipenda. Oveni kubwa nzuri imemwondoa mpishi jikoni: weka, funga, nenda kafanye mengine, kengele itakuita. Ile ya mezani inamtaka asimame. Pua inarudi kazini, na jicho, na ile desturi ya kuchoma kijiti katikati ya keki na kukitazama kwenye mwanga. Msichana aliyejifunzia kwenye kisanduku hiki ana habari nyingi za moto kuliko yule aliyejifunzia kwenye kengele, na ukimkabidhi seredani hatapotea.

Kuna mahali haifiki kabisa, wala haina haja ya kujifaragua. Tanuri la mkate wa ajemi ni udongo mnene uliolishwa moto mpaka kuta zenyewe zimekuwa moto. Donge hutandazwa, hubandikwa ukutani, na baada ya muda mfupi hung'olewa kwa chuma likiwa na malengelenge. Mkate wa mofa nao hubandikwa vivyo hivyo. Matanuri ya boflo huchochewa kuni, na yakishashiba joto huoka mkate kundi baada ya kundi. Ukuta wa udongo una akiba. Kisanduku cha mezani ni kibarua anayekula anachokipata leo: bati lake ni jembamba, ukifungua mlango kuchungulia, moto wote unatoka na kukupiga usoni, na umeme ukikatika, baada ya dakika chache unaweza kuweka mkono ndani. Kwa hiyo ajemi tunanunua. Hakuna aliyeona haya kununua ajemi, hata zamani.

Kukatika kwa umeme, nako, si neno la kupita hivi hivi kwa mtu wa Unguja. Mei 2008 waya wa chini ya bahari unaoleta umeme kutoka Bara ulipata hitilafu na kisiwa kikakaa gizani karibu mwezi mzima. Desemba 2009 ukatokea mkasa mwingine, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Pemba haikuguswa, wakati ule ilikuwa na majenereta yake ya dizeli. Katika miezi ile maji ya bomba yaliadimika kwa kukosa pampu, friji zikawa makabati ya nguo, na oveni za mezani zikafunikwa vitambaa. Masizi yakarudi kwenye masufuria. Harusi zilifanyika na keki zilikatwa, na aliyezioka alizioka kwa makaa, na walioajiriwa kwa kazi hiyo walikuwa wanawake wa makamo ambao hawakuwa wamesahau. Wale waliojua kisanduku tu walikaa wakitazama. Tangu 2013 kuna waya mpya wa megawati 100, na mkasa wa aina ile haujarudi, lakini nyumba nyingi za watu wa umri wangu bado zina seredani nyuma ya mlango, na hazioni kuwa ni ushamba.

Ingawa hivyo, mtu asije akaona fahari katika moshi. Katika majumba ya Michenzani, yaliyoanza kujengwa enzi za Mzee Karume, seredani lilipandishwa ngazi pamoja na godoro na kitanda, likawekwa barazani juu hewani, na msimu wa mvua likaingizwa ndani. Mkaa unaowaka chumbani unatoa hewa ya kaboni monoksidi isiyo rangi wala harufu, na dirisha likifungwa inaweza kuua watu waliolala. Nani aliyekuwa akikohoa wakati mkate wa ufuta unageuziwa moto? Hakuwa baba. Aliyeinama juu ya makaa, sufuria imepinduliwa uso chini ili ufuta upate rangi, alikuwa mama au binti mkubwa, na nyusi zake zilijua. Kazi hiyohiyo leo inafanywa na koili ya juu kwa dakika chache. Harufu ya mkaa imepungua kwenye ufuta, nakubali, na kuna wazee wanaosema mkate umekuwa bubu. Ningewaheshimu zaidi kama wao ndio waliokuwa wakiinama.

Mei 2024 serikali ilizindua mkakati wa miaka kumi wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Katika mazungumzo mengi ya mkakati huo, chakula kinachotajwa ni kile cha kuchemsha: ugali, maharage, wali, chai. Ni sawa, hicho ndicho kinachomaliza mkaa mwingi. Ila kwa watu wa pwani mkaa unaokataa kuondoka nyumbani ni ule wa kupalia. Unaweza kuwa na gesi ya kuchemshia maharage tangu zamani na bado ukanunua mfuko wa mkaa kwa sababu Ramadhani inakaribia. Mtungi mdogo wa pleti moja hauna moto wa juu. Kisanduku cha mezani kinao, na kwa hesabu ya mita si mlafi kama anavyosingiziwa. Wati 1,500 zikiwaka mfululizo kwa dakika arobaini ni uniti moja, na haziwaki mfululizo, maana kidhibiti kinakatakata. Kinachotisha zaidi ni waya mwembamba wa kuunganishia uliopitishwa chini ya zulia, pamoja na birika na pasi kwenye soketi hiyohiyo. Oveni hii haitaki ubia. Ipewe soketi yake ukutani.

Ukubwa wake ndio jambo lililonibakia akilini kuliko yote. Sufuria ya kupalia iliweza kuwa ya ukubwa wowote, kwa kadiri ya mkaa ulio nao. Nyumba yenye watu kumi na wanne ilioka mkate wa kutosha kumi na wanne na wa jirani. Kisanduku kinapokea bati moja la inchi nane au tisa. Kwa hiyo mkate umepungua upana, na pamoja nao ile sahani ya kupeleka kwa jirani, ambayo sasa inapelekwa kwa zamu au haipelekwi. Watu wanalaumu oveni. Nyumba zilikuwa zimekwisha kupungua kabla yake, watoto wako Dar es Salaam, wako Dubai, na bati la inchi tisa ndilo linalowatosha waliobaki.

Lakini udogo huohuo umewapa wengine riziki. Keki nyingi za siku ya kuzaliwa zinazopita mitaani juu ya mapaja ya abiria wa bodaboda zimetoka kwenye visanduku hivi. Mwanamke anaanza na kimoja, anaoka tabaka moja moja, anayalaza kwenye kitambaa, na usiku anayaunganisha kwa krimu. Keki ya tabaka nne inamchukua saa nyingi za kusimama. Mteja anaona urefu wake, hazioni saa hizo. Akipata, hanunui oveni kubwa. Ananunua kisanduku cha pili, anakiweka kando ya cha kwanza, kila kimoja na soketi yake. Nimewauliza baadhi yao sababu. Wamenijibu kwamba kimoja kikifa, kazi haisimami.

Na kufa kwake nako kuna namna. Jirani yangu wa upande wa pili wa ukuta koili yake ya chini iliungua, ya juu ikabaki nzima. Akaendelea kama kwamba hakuna kilichotokea: mkate wa kumimina anauanzia kwenye gesi, akauingiza ndani upate rangi; mkate wa ufuta vivyo hivyo; samaki hata hajui tofauti. Keki tu ndiyo anayoagiza kwa mtu. Fundi alipopita mtaani alikifungua, akapuliza vumbi, akamwambia koili ya chini inapatikana Darajani, ni kazi ya nusu saa.

"Iache kwanza, baba," alimjibu. "Ramadhani ipite, nitakuita."